Kwa mwalimu mlezi mpya wa klabu ya biashara na kazi: anza na daftari

Mwalimu uliyekabidhiwa klabu muhula huu, wiki ya kwanza usiwaulize wanafunzi wanataka kuwa nani. Utapewa majibu yale yale: daktari, rubani, wakili. Waulize wanalolijua: jana walinunua nini wakati wa mapumziko, kwa shilingi ngapi, na kitu gani walikitafuta wakakikosa. Kila mmoja awaulize wenzake 20 maswali hayo na kuandika majibu. Swali la "ungependa kununua kaimati?" halisaidii, maana nani asiyependa kaimati? Pesa iliyokwisha kutoka mfukoni jana ndiyo inayosema kweli.

Kundi lisizidi wanafunzi watano. Wakiwa kumi, watatu watafanya kazi na saba watangojea faida. Bidhaa ya kwanza iwe isiyooza upesi. Mahamri yakibaki jioni ni hasara, na barafu ya ukwaju inategemea friji ya mtu na umeme usiokatika. Mabuyu yanakaa, yanajulikana, na mtoto anaweza kuyauza kidogo kidogo wiki nzima.

Sasa hesabu, na hapa usiharakishe hata kidogo. Bei zinabadilika, kwa hivyo waende wenyewe kwenye masoko ya Mombasa, Marikiti au Kongowea, kuuliza; sisi tuchukue makadirio tu. Mabuyu kilo 2 ni shilingi 300, sukari kilo 1 ni 160, rangi, iliki na pilipili 70, makaa 60, karatasi za kufungia 50. Jumla 640. Zikitoka pakiti 80 za shilingi 10, mauzo ni 800 na faida ni 160. Kila pakiti basi imegharimu shilingi 8.

Wanafunzi hawatakuletea hesabu hiyo. Watakuambia faida ni 430, kwa sababu sukari, iliki, rangi, makaa na karatasi vilitoka nyumbani wakaviona ni vya bure: wamelipa 300 za mabuyu na 70 za nauli ya sokoni, ndiyo gharama wanayoijua. Mwambie kila mmoja aandike kilichotoka jikoni kwa mama kwa bei ya dukani, na nauli pia iingie. Ukiiongeza ile 70 ya nauli kwenye 640, gharama inafika 710 na faida inashuka hadi 90. Kisha hesabuni pakiti zilizoonjwa, zilizogawiwa marafiki na zilizokopeshwa. Pakiti 9 tu zikipotea hivyo, faida yote imekwisha. Mwanafunzi akiliona hili kwa mkono wake mwenyewe, huhitaji tena kumhubiria juu ya kukopesha.

Usiwaache wafunge kwa mifuko ya plastiki. Ile ya kubebea na ile bapa ilipigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017, na karatasi iliyokunjwa mfano wa koni inatosha kabisa.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mhazini ashike pesa, mwandishi ashike daftari, na wasiwe mtu mmoja. Safu tano zatosha: tarehe, maelezo, zilizoingia, zilizotoka, baki. Kila mkutano uanze kwa kuzihesabu pesa mbele ya wote na kulinganisha na baki. Zikipungua shilingi 20, andikeni "pungufu 20" kwa kalamu. Wakizoea kufuta na kurekebisha ili hesabu ikae sawa, wamejifunza kinyume cha ulichotaka. Muhula wa kwanza tumieni pesa taslimu pekee. Malipo ya simu yakipitia simu yako, mwalimu, yatachanganyika na mshahara wako, na siku mzazi atakapouliza hutakuwa na la kumwonyesha.

Suala la mtaji linahitaji uangalifu hapa pwani. Ukileta mkopo wenye riba, hata ya shilingi 5, baadhi ya wazazi watawatoa watoto wao klabuni, na wana haki. Tumia njia ambazo wafanyabiashara Waislamu wamezijua tangu zamani. Kila mwanakundi akitoa 130, watano wanapata 650. Hiyo ni shirika, yaani ubia wa mtaji, na hasara hugawanywa kwa kadiri ya mtaji wa kila mmoja. Au klabu itoe mtaji, kundi litoe kazi, na faida igawanywe kwa sehemu mlizokubaliana kabla ya kuanza, tuseme nusu kwa nusu. Hasara ikitokea bila uzembe, mwenye mtaji ndiye anayeibeba, na mfanyakazi amepoteza jasho lake. Andikeni makubaliano, wote watie sahihi. Wanafunzi wasio Waislamu nao watafaidika, maana ni somo la ubia.

Siku ya soko isiwe Ijumaa wala ndani ya Ramadhani. Mikutano ya jioni iishe mapema kwa ajili ya wanaokwenda madrasa. Muhula wa tatu ni mfupi na una mitihani, kwa hivyo usianzishe biashara mpya wakati huo. Chukua ruhusa ya mkuu wa shule kwa maandishi, na muuze ndani ya shule tu, kwa kuwa anayeuzia umma chakula hutakiwa kuwa na cheti cha afya na kibali cha kaunti.

Upande wa kazi, kosa kubwa ni kualika mtu aje atoe hotuba. Wapeleke wanafunzi sita kwa fundi wakamwone akifanya kazi. Maswali manne yanatosha: ulianzaje, anayeanza hulipwa kwa siku au kwa mwezi, siku mbaya ya kazi ikoje, na somo gani la shule unalitumia kila wiki? Kongowea msiende alfajiri, malori yanaposhusha mizigo. Hakuna atakayekuwa na nafasi ya kuwajibu.

Mtoto wa Mombasa akisema "nataka kazi ya bandarini", mfungulie neno hilo. Kuna wakala wa forodha, mwendesha kreni, karani wa mizigo, fundi umeme, fundi wa makontena ya baridi, dereva wa lori. Anayetaka kusafiri na meli atahitaji mafunzo ya msingi ya usalama yanayotakiwa na mkataba wa kimataifa wa mafunzo ya mabaharia (STCW) wa mwaka 1978: kujiokoa majini, kuzima moto, huduma ya kwanza, na usalama wa mtu binafsi kazini. Bandari Maritime Academy iko papa hapa mjini, na Mamlaka ya Bahari ya Kenya ndiyo inayosimamia vyeti vya mabaharia. Wanafunzi wakaulize huko masharti hayo wenyewe, wasitegemee ya kusikia.

Fanyeni hayo kabla Gredi ya 9 haijachagua njia ya sekondari ya juu, kati ya sayansi na teknolojia, sayansi ya jamii, au sanaa na michezo. Anayeota kuwa nahodha pia apimwe macho mapema. Afisa wa sitahani lazima atofautishe rangi, maana taa nyekundu na ya kijani ndizo zinazomwambia usiku meli nyingine imeelekea wapi. Ni bora ajue akiwa na miaka 14, wakati bado anaweza kugeukia kazi nyingine za bandarini, kuliko kuambiwa hospitalini akiwa ameshalipa karo.