Viti sawa viachwe, turufu ndiyo iondolewe

Mhariri, wiki hii mmeuliza kama nchi yenye watu wengi istahili kura nyingi zaidi katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kwa Bunge la Jumuiya, lile la Arusha, nasema hapana. Kwa marais, hapo pana kazi.

Kila nchi huchagua wabunge 9. Kongo yenye watu zaidi ya milioni 100 ina 9, na Burundi ina 9. Jirani yangu wa duka hapa Kariakoo, anayeishi kwa kuwauzia Wakongo vitenge, huona huo ni uonevu: “Wananunua kuliko wote, wapige kura kuliko wote!” Ndugu yangu, biashara ni biashara. Tukigawa viti kwa vichwa, Kongo na Tanzania peke yake zitakaribia nusu ya Bunge. Sisi tutafurahi, lakini Mrundi atakwenda Arusha kufanya nini?

Kinachonikera ni mkutano wa wakuu wa nchi. Mkataba unataka waamue kwa maafikiano, kwa hiyo mmoja akigoma, wote wanane wamekwama. Hiyo ni kura ya turufu, hata kama hatuiiti hivyo. Jumuiya ya kwanza ilionja: baada ya Idi Amin kupindua serikali mwaka 1971, Mwalimu alikataa kuketi naye, na chombo cha marais watatu kikalala. Haikuwa sababu pekee ya kifo cha Jumuiya hiyo mwaka 1977, ila ilichangia.

Katika Umoja wa Ulaya, mambo mengi huamuliwa kwa vigezo viwili pamoja: asilimia 55 ya nchi, zenye asilimia 65 ya watu. Mkubwa hapiti bila wadogo, wala wadogo bila wakubwa. Na tusijifanye ni ugeni huo. Katiba yetu inasema orodha ya mambo ya Muungano haibadilishwi bila theluthi mbili ya wabunge wa Bara na theluthi mbili ya wale wa Zanzibar, ingawa sensa ya 2022 iliikuta Zanzibar na watu wasiofika milioni mbili.

Kupokea mwanachama mpya ningeacha kwa maafikiano, maana ukishamkaribisha mtu ndani kumtoa ni kazi. Ushuru wa forodha, viwango vya bidhaa na bajeti vipigiwe kura kwa vigezo viwili, na aliyeshindwa atekeleze, hata tukiwa sisi.

Msomaji, Kariakoo, Dar es Salaam