Dirisha Ibukizi Lisifungwe Kabla Seva Haijajibu

Kwa miaka kadhaa nilitengeneza fomu za dirisha ibukizi, yaani dirisha dogo linalotokea juu ya ukurasa wa wavuti, kwa namna ninayoijutia: mtumiaji akibofya "Hifadhi", dirisha linafungwa papo hapo na ujumbe wa shukrani unatokea, ilhali data bado iko njiani kuelekea kwenye seva. Siku moja nilikaa kando ya karani aliyejaza maelezo ya aya tatu nzima, nikaona dirisha likifungwa huku seva ikiyakataa kwa sababu ya tarehe iliyokosewa. Alipolifungua tena, visanduku vyote vilikuwa vitupu. Alianza kuandika upya bila kusema neno, na ukimya ule uliniuma kuliko lawama.

Tangu hapo, kwangu dirisha hufungwa na jibu la seva. Nazuia utumaji wa kawaida wa kivinjari, ambao hupakia ukurasa mzima upya, kisha natuma data kwa JavaScript, lugha ya programu inayoendeshwa ndani ya kivinjari, na kusubiri. Seva ikirudisha 201, msimbo wa jibu unaosema kwamba rekodi imeundwa, dirisha linafungwa na rekodi mpya inaonekana kwenye orodha iliyo nyuma yake. Ikirudisha 422, yaani data ina kosa, linabaki wazi, maandishi yote yakiwa yalivyo, kila kosa likielezwa chini ya kisanduku chake, na kishale kikiwa kwenye kisanduku cha kwanza chenye kosa.

Wakati wa kusubiri, kitufe cha kutuma kizimwe, kwa maana mtu asiyeona dalili yoyote hubofya tena na kuzalisha rekodi mbili. Hata hivyo, hilo pekee halitoshi, kwani ombi laweza kufika salama na jibu likapotea mtandao unapokatika. Ndiyo sababu kila fomu inayofunguliwa naipa namba yake ya kipekee, ili seva itambue marudio.

Mtego ulionisumbua zaidi ni muda wa kuingia unapoisha: seva huelekeza ombi kwenye ukurasa wa kuingia, ukurasa huo unarudi na 200, msimbo wa mafanikio, na programu inaamini kwamba data imehifadhiwa. Kwa maombi ya aina hii, seva irudishe 401, yaani mtumiaji anatakiwa kuingia kwanza.

Elementi ya dialog, sehemu ya HTML ya kutengenezea madirisha ya aina hii, inayotambuliwa na vivinjari vyote vikuu tangu 2022, hurahisisha kazi nyingi, ila kitufe cha Esc huifunga bila kuuliza. Kwa hiyo maandishi ambayo hayajatumwa nayaweka kwenye kumbukumbu ya ukurasa, na dirisha likifunguliwa tena yanarudi mahali pake.