Shokapu za snoumobili (pikipiki ya theluji) ya zamani, ununue mpya au urekebishe?

Kaka, kama hiyo Polaris Indy yako ya 1996 inagonga chini kila tuta huko Minnesota usikimbilie mpya, ng'oa kwanza shokapu, toa springi, halafu sukuma rodi (kile chuma kinachoingia na kutoka) kwa mkono, ikizama bila ubishi wowote au inasukumika halafu inaachia katikati jua mafuta yamevuja. Zile zilizobanwa mdomo kiwandani hazifunguliki, tafuta nyingine tu, ila zenye kofia ya kufungua unabadilisha mafuta na sili (mpira wa kuzuia mafuta yasivuje). Rodi ikiwa na vidoti vya kutu usijisumbue, itakula sili mpya fasta. Shokapu yenye gesi ya naitrojeni ndani mpelekee fundi, ile presha haichezewi! Na bushi (zile za kwenye maungio ya shokapu) nazo cheki, kelele nyingi zinatokea huko.