Sindano ya MOTS-c itanishushia sukari?

Swali: Habari za kazi, daktari. Nina miaka 46, na sukari yangu imeanza kupanda ingawa sijaambiwa nina kisukari. Naona sindano za MOTS-c zinatangazwa kuwa ni "peptidi ya mitokondria". Shuleni tulifundishwa kuwa DNA ya mitokondria hutoa protini 13 tu. Hii nayo imetoka wapi? Na je, nichome?

Jibu: Salama, ahsante. Mlifundishwa kweli, ila haikuwa yote. DNA ya mitokondria, yaani vinu vya nguvu vya seli, ina jeni 37. Zile 13 ndizo za protini, zilizobaki tuliamini ni za RNA basi. Mwaka 2001 watafiti wa Japani wakaeleza peptidi (protini fupi) ya humanini, ambayo maelekezo yake yamo ndani ya mojawapo ya jeni hizo za RNA, iitwayo 16S. Mwaka 2015 kundi la Changhan Lee na Pinchas Cohen, Marekani, likaikuta MOTS-c ndani ya jeni nyingine ya RNA, 12S. Ina asidi amino 16 tu; insulini ina 51.

Utendaji wake ndio unaonivutia. MOTS-c hubana mzunguko wa folati (vitamini ya kundi B) ndani ya seli, kemikali ya AICAR ikarundikana, nayo ikaamsha AMPK, kimeng'enya kinachotambua seli imepungukiwa nguvu. AMPK ikiamka, msuli huvuta glukosi kutoka kwenye damu na kuunguza mafuta. Seli ikielemewa, MOTS-c huingia hadi kwenye kiini na kuwasha jeni za kujihami. Kumbe mitokondria hazizalishi nguvu tu, zinatoa na maagizo!

Panya waliolishwa mafuta mengi huku wakichomwa MOTS-c hawakunenepa kama wenzao, na insulini yao iliendelea kufanya kazi. Lakini hao ni panya. Kwa binadamu haijaidhinishwa na FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, na WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa za kusisimua misuli, imeipiga marufuku michezoni. Vichupa vingi vinavyouzwa vimeandikwa "kwa utafiti tu", maana yake hakuna anayekudhaminia usafi wala kipimo cha kilichomo. Usichome, tafadhali.

Mwili wako unaitengeneza. Katika utafiti wa mwaka 2021, vijana wa kiume waliendesha baiskeli ya mazoezi, wakatolewa vijipande vya msuli wa paja: MOTS-c ilikuwa imepanda karibu mara 12. Kwa hiyo anza mazoezi ya kukutoa jasho, na ukapime HbA1c, kipimo cha wastani wa sukari ya damu kwa miezi miwili hadi mitatu iliyopita. Ikisoma kati ya asilimia 5.7 na 6.4, kiwango kinachokaribia kisukari, muulize daktari wako kuhusu metformini, dawa ya kushusha sukari. Nayo huamsha AMPK, na watu wameitumia tangu miaka ya 1950.