Maksai Wanaokokota Chombo

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, nimeona picha ya maksai wakikokota chombo cha tanga kutoka majini. Je, jambo hilo lilikuwapo kweli, au mchoraji alilibuni? Msomaji, Pangani.

JIBU: Lilikuwapo. Bila shaka unaizungumzia “La vuelta de la pesca”, yaani kurejea kutoka kuvua, iliyochorwa mwaka 1894 na Joaquín Sorolla, Mhispania mzaliwa wa Valencia, ambako wavuvi waliwatumia maksai kuvuta vyombo vyao hadi mchangani. Sorolla alipenda kuchora nje, kwenye jua lenyewe, na ndiyo maana tanga lililotuna upepo linang’aa kuliko hata nyuso za watu. Serikali ya Ufaransa iliinunua, na leo imo katika makumbusho ya Orsay, Paris. Binafsi navutiwa zaidi na “Cosiendo la vela” ya mwaka 1896, ambamo watu wanashona tanga jeupe lililotandazwa katikati ya maua. Bahari siyo kiini cha picha hiyo, ilhali kazi ya pwani imejaa tele. Wala hakuchora raha tupu, kwani mwaka uleule wa 1894 alimchora mvuvi kijana aliyejeruhiwa, akihudumiwa na wazee wawili ndani ya chombo. Picha hiyo imo katika makumbusho ya Prado, Madrid.