Maswali na majibu: Ni lazima nitumie M ndo niwe mpiga picha?

SWALI: Habari kaka. Nina Canon ya kawaida na lenzi iliyokuja nayo, 18-55, napiga sendofu na harusi hapa Morogoro. Wenzangu wananiambia mpiga picha wa ukweli anakaa M tu (unaweka kila kitu mwenyewe), otomatiki ni ya wanaojifunza. Nimekaa M, ila ukumbini bila flashi picha moja inatoka safi, inayofuata giza, na sijagusa kitu. Nikirudi Av (naweka tundu la lenzi, kamera inaweka shata) na flashi ya juu, watu wakicheza wanatoka na mikia. Nje ya kanisa nikimsogelea bibi harusi, shela inatoka kama ina vumbi na sura inakuwa nyeusi. Nitumie ipi? Na je, ninunue 50mm?

JIBU: Salama mdogo wangu. Umefanya vizuri kutaja lenzi, maana tatizo lako la kwanza liko hapohapo. Iangalie kwa mbele, pembeni ya kioo, kama ni ile ya kawaida utakuta imeandikwa 1:3.5-5.6. Maana yake ukiwa 18mm inafunguka mpaka f/3.5 (namba ikiwa ndogo, tundu la mwanga ni kubwa), ila ukizoom mpaka 55mm haiwezi kufunguka zaidi ya f/5.6, ndo mwisho wake. Sasa we uko M, umeweka f/3.5, shata (muda wa kupokea mwanga) 1/60 ya sekunde, ISO (wepesi wa kamera kushika mwanga) 1600, umepiga meza kuu nzima imetoka safi, afu ukazoom umpate bibi harusi peke yake, lenzi imejifunga yenyewe mpaka f/5.6 na shata na ISO vimebaki vilevile kwa sababu ndo ulivyoamuru, hapo zaidi ya nusu ya mwanga imepotea na we unaapa hujagusa kitu. Umegusa zoom. Dawa ni kuweka f/5.6 tangu mwanzo ukiwa M na lenzi hiyo, uzoom usizoom haibadiliki, na mwanga uliopungua unaufidia kwa ISO au kwa flashi.

Sasa hilo la wenzako. Ndani ya kamera yako kuna mita ya kupima mwanga, na ndo hiyohiyo inayofanya kazi ukiwa Av, ukiwa Tv (unaweka shata tu), ukiwa P (kamera inaweka vyote viwili), na ndo hiyohiyo inayokuonyesha ule mshale wa kipimo ukiwa M. Kwahiyo mtu anayekaa M afu kila picha anazungusha mpaka mshale usimame katikati, anafanya kazi ambayo Av ingemfanyia kwa haraka zaidi, na makosa ni yaleyale kwa sababu mita ni ileile. M inakuwa na maana pale tu unapojua kwa nini unaukatalia mshale.

Na kuukatalia ndo kwenyewe. Mita haijui kama mbele yako kuna shela au suti, yenyewe inachukulia kwamba chochote ulichokielekezea, kikichanganywa chote, ni kijivu cha kati. Ukimsogelea bibi harusi, shela ikajaa kwenye fremu, kamera inaona mwanga umezidi, inapunguza, shela inakuwa ya kijivu na ngozi yake, ambayo ilikuwa tayari nyeusi kuliko shela, inazama kabisa. Hicho ndo ulichokiona kanisani. Geuza upande wa pili, piga wanaume sita wa suti nyeusi mbele ya pazia jeusi, kamera inaongeza mwanga ili suti ziwe kijivu, sura zinaungua, yaani zinakuwa nyeupe mno. Kwa sisi tunaopiga watu weusi waliovaa nguo nyeupe hili si jambo dogo, mtu analipia picha za siku yake afu anajikuta ametoka bila macho wala mashavu, na akiambiwa eti ni rangi yake ndo ngumu kupiga mi naumia sana. Ngozi haina shida, kipimo ndo kilisomwa vibaya.

Nje ya kanisa, basi, we kaa Av bila wasiwasi. Weka f/5.6, ISO 200 kama kuna jua, tafuta kile kibatani cha kuongeza au kupunguza mwanga chenye alama ya +/-, kibonyeze huku unazungusha gurudumu, peleka +1 shela ikijaa kwenye fremu, suti nyeusi zikijaa shusha kidogo chini ya sifuri. Afu washa ile alama ya kuonyesha sehemu zilizoungua, iko kwenye menyu za kuangalia picha, shela ikianza kuwakawaka nyeusi-nyeupe sehemu kubwa rudisha mpaka +2/3. Sura iwe kwanza, kipande kidogo cha shela kikiungua mgongoni si hoja. Piga RAW (faili ghafi) pia, kidogo kilichozama utakirudisha, ila kilichoungua kabisa hakirudi.

Kwa nini Av na siyo M pale nje? Kwa sababu mi kabla ya kugusa kile kidude cha juu cha kuchagua M au Av najiuliza kitu kimoja tu, mwanga umekaa au unahama? Maharusi wanatoka mlangoni kwenye kivuli, wanashuka ngazi wameingia juani, wingu linapita, wanaingia chini ya mwembe, yote hayo ndani ya dakika moja na hakuna atakayekusubiri uzungushe namba. Mwanga unahama, iachie kamera ifukuzane nao, we angalia sura za watu. Ila ukiwapanga ndugu ukutani kwenye kivuli kimoja, familia ya kwanza mpaka ya mwisho, hapo mwanga umekaa: nenda M, pima mara moja, kila kundi litatoka na mwanga uleule hata mmoja akiwa na gauni jeupe na mwingine kaniki nyeusi. Na angalia ISO isiwe Auto, maana ukiwa M na ISO ya Auto kamera bado inaamua mwanga nyuma yako.

Ukumbini jibu ni M, hasa ukiwa na flashi. Ile mikia inatoka hivi: Canon ukiwa Av inachukulia flashi kama ya kusaidia tu, inataka mwanga wa ukumbi nao uonekane, ukumbi una giza, kwahiyo inateremsha shata mpaka 1/10 au chini ya hapo. Flashi inamgandisha mtu, afu shata bado iko wazi na mtu anaendelea kucheza, ndo mkia huo. Nenda M, f/5.6, ISO 800, shata 1/100, flashi iache kwenye TTL ijipimie yenyewe na kichwa chake kielekeze juu kwenye dari. Dari kama limefunikwa kitambaa cha zambarau, kama mapambo ya siku hizi, usipige juu, kila sura itakuwa zambarau, geuzia ukuta mweupe nyuma yako. Hiyo 1/100 nina sababu nayo. Umeme wetu ni hezi 50, na taa nyingi za ukumbini zinapepesa mara 100 kwa sekunde, jicho halioni ila ukipanda 1/500 bila flashi unaanza kupata mistari ya giza inayokata picha.

Video usijadili, M kila wakati, 1/50 kwa fremu 25 kwa sekunde, la sivyo bibi harusi akipita mbele ya lenzi picha nzima inafifia katikati ya klipu.

Ile otomatiki ya kijani ndo usiitumie kazini, inafungua kile kiflashi kidogo yenyewe na hiyo +/- hupati. Mkabidhi nayo mtu mwingine akupige picha, basi.

50mm f/1.8 nunua, inaingiza mwanga mara tisa au zaidi ya hiyo yako ikiwa kwenye 55. Ila kwenye kamera ya sensa ndogo kama yako inakaza kama 80mm, meza kuu haitaenea, kwahiyo 18-55 usiiuze. Na maharusi wakiwa wawili anza na f/2.8, ukifungua mpaka 1.8 na mmoja amesimama nusu hatua nyuma, huyo hayuko kwenye fokasi.