Waanze na mkate wa kijitini

Wiki iliyopita mliuliza: ukipewa kikosi cha maskauti ambao hawajawahi kupiga kambi, ungewafundisha kupika chakula gani kwanza? Jibu langu ni mkate wa kijitini, yaani donge la unga linalozungushiwa kijiti na kuokwa juu ya makaa. Najua kuna watakaosema waanze na wali. Mimi nilianza na wali.

Kambi yangu ya kwanza tulikuwa saba kikosini, zamu ya chakula cha jioni ikatuangukia. Tulikoka moto ulionipita kimo na tukauonea fahari kweli. Nusu saa baadaye tulipakua wali wa tabaka tatu: chini mkaa, katikati uji, juu punje mbichi. Hakuna aliyekuwa ametuambia kwamba moto wa kuota na moto wa kupikia havifanani. Tulikula hivyo hivyo, kwa kuwa hapakuwa na kingine.

Ndiyo maana naupenda huu mkate. Ukiupeleka kwenye ndimi za moto unaungua nje, ndani unabaki unga, na mwenyewe anajionea palepale. Lakini hasara ni ya mkate mmoja wa mtu mmoja, siyo chakula cha kikosi kizima. Mara ya pili hakuna haja ya kumwambia asubiri makaa.

Vipimo vyangu kwa watoto wanne ni vikombe 2 vya unga wa ngano, vijiko vidogo 3 vya beking pauda, nusu kijiko kidogo cha chumvi na vijiko vikubwa 2 vya mafuta. Vikavu navichanganya nyumbani na kuvifunga kwenye mfuko mgumu wa plastiki. Kambini tunatia mafuta, kisha maji kidogo kidogo, yasizidi robo tatu ya kikombe. Mtoto anakanda akiwa ameushika mfuko kwa nje, kwa hiyo hakuna bakuli la kuosha. Donge likizidi maji huteleza kijitini na kudondokea majivuni. Kila kambi kuna mmoja linamdondokea, na karibu kila mara ni yule aliyelalamika kwamba maji hayatoshi.

Kijiti kiwe kinene kama dole gumba, kibichi, cha mti mnaoujua kwamba hauna sumu, na kimenywe gome. Baden-Powell, mwanzilishi wa uskauti, alieleza mkate wa namna hii katika kitabu chake cha maskauti cha mwaka 1908, naye alisema kijiti kimenywe na kupashwa moto kwanza. Msiliruke hilo la kupasha. Kijiti kikiwa cha moto unga unaanza kuiva kutoka ndani pia. Halafu viringisha donge liwe kamba nyembamba kama kidole, lizungushe kijitini, ukibana ncha zote mbili.

Makaa yakishakuwa na majivu meupe juu, weka kiganja pale mkate utakapokaa na uhesabu taratibu. Ukishindwa kufika tatu, ni moto mno. Ukifika tano au sita, anza kuoka. Geuza bila kuchoka kwa dakika 10 hadi 15. Ulioiva hutoka kijitini ukiuzungusha kidogo, unaonata haujaiva. Tundu linalobaki ni la jemu au asali, na hapo ndipo kelele hugeuka kimya.

Siku ya pili ndiyo nawapa sufuria. Kikombe kimoja cha mchele, viwili vya maji, chumvi, mafuta kidogo. Yakichemka, makaa mengi yanaondolewa chini na machache yanawekwa juu ya mfuniko, na kufunua-funua ni marufuku. Viazi vya kufunga kwenye foili na kufukia makaani havihitaji somo, isipokuwa kuvikata vidogo, la sivyo mtalala njaa mkivisubiri.

Kitu kimoja siwaachii watoto peke yao: maharage mekundu makavu. Yana sumu ya asili inayoondolewa na mchemko mkali tu, na punje chache zisizoiva zinatosha kumtapisha mtu vibaya. Moto legelege wa kambini unaweza kuyalainisha bila kuiua hiyo sumu. Yalowekwe usiku kucha, maji yamwagwe, kisha yatokote hasa. Mimi huhesabu dakika 30 za kutokota kabla ya kupunguza moto, ndipo yaendelee mpaka yaive. Kama kuni ni chache, chukueni ya kopo, yamekwisha kupikwa.

Na kabla sufuria haijagusa moto, ipakwe sabuni ya kipande kwa nje, imeloweshwa kidogo, pande zote na chini, ndani isiguswe. Masizi yatashika sabuni badala ya bati, na maji yakipita yanaondoka nayo. Ile sufuria yetu ya wali hatukuipaka kitu. Wenzetu walikuwa wamekwisha kuimba na kwenda kulala, sisi saba bado tunaisugua kwa mchanga, tukipokezana tochi.